Nairobi hadi New York: moja kwa moja, kupitia Ulaya au kupitia Ghuba?

Anayetoka Nairobi kwenda New York ana njia kuu tatu. Anaweza kupanda ndege ya Kenya Airways pale Jomo Kenyatta na kushuka uwanja wa John F. Kennedy (JFK) bila kutua popote. Anaweza kupitia Ulaya, akabadilisha ndege Amsterdam, Paris, London au Frankfurt. Au anaweza kuzunguka kwa upande wa Ghuba, akabadilisha Dubai, Doha au Abu Dhabi. Addis Ababa na Istanbul pia zipo, nazo nitazigusia. Makala haya ni ya yule ambaye ameshapata viza, ana simu mkononi, amefungua tovuti tatu kwa pamoja, ajenti wa mjini anamwambia bei itapanda jioni, na bado hajui ashike lipi.

Niuweke wazi msimamo wangu mapema. Swali ambalo watu huuliza kwanza ni la kilomita, na kilomita ndizo zenye uzito mdogo kuliko yote. Njia fupi kabisa na njia ndefu kabisa kati ya hizi hutofautiana kwa saa nne hivi angani. Lakini saa za kusubiri uwanjani, viza ya kupitia, begi lililobaki nyuma na magoti ya mzee wa miaka sabini vinaweza kuigeuza safari kuwa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo hesabu yako ianze pale unapofunga mlango wa nyumba yako South B na iishe pale unapobisha hodi kwa mwenyeji wako Queens.

Nitazipima njia zote tatu kwa vigezo vilevile: umbali na saa za angani, kusubiri, hati, mizigo, bei na usalama wa tiketi, kisha mwili wa anayesafiri. Saa nitakazotaja ni za kawaida. Ratiba hubadilika kwa msimu, nao upepo hauna mkataba na mtu.

Umbali na saa za angani

Ukichukua uzi ukauvuta juu ya tufe la dunia kutoka Embakasi, ulipo uwanja wa Jomo Kenyatta, hadi JFK, unapata kilomita 11,840 hivi. Uzi huo unapita Uganda, Sudan Kusini, ukingo wa Darfur, Chad, Niger, Algeria na Morocco, ndipo uingie Atlantiki. Marubani hawaufuati hatua kwa hatua, maana kuna anga zinazoepukwa kwa sababu za usalama, lakini huo ndio mwelekeo.

Uzi huo unaeleza mengi. Ulaya iko kaskazini kidogo tu ya mstari huo, kwa hiyo anayepitia Paris anaongeza kama kilomita 500, basi. Ghuba iko upande wa pili. Unaanza kwa kwenda kaskazini mashariki, kisha unageuka kuifuata Marekani iliyo magharibi. Anayepitia Dubai anaongeza zaidi ya kilomita 2,700.

| Njia | Kilomita (takriban) | Angani kwenda | Angani kurudi |
|---|---|---|---|
| Moja kwa moja | 11,840 | saa 15 | saa 14 |
| Kupitia Paris | 12,330 | saa 17 | saa 15 na nusu |
| Kupitia London | 12,380 | saa 17 | saa 15 na nusu |
| Kupitia Amsterdam | 12,530 | saa 17 | saa 15 na nusu |
| Kupitia Istanbul | 12,870 | saa 18 | saa 17 |
| Kupitia Doha | 14,130 | saa 19 | saa 18 |
| Kupitia Dubai | 14,580 | saa 19 | saa 18 |

Utaona kwamba kwenda ni kurefu kuliko kurudi, kwa njia zote. Sababu ni mkondo wa upepo mkali ulioko juu sana, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda Marekani inapigana nao, na inayorudi inasukumwa nao. Wakati wa baridi ya kaskazini, kuanzia Desemba hadi Februari, mkondo huo huwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo usishangae tiketi ya Januari ikionyesha dakika kadhaa za ziada kuliko ya Julai kwa ndege ileile.

Kuna jambo jingine la Nairobi ambalo abiria wengi hawalifikirii. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo injini na mabawa hupata msaada mdogo kuliko ambavyo vingepata Mombasa. Ndege ya kwenda New York inabeba mafuta ya saa kumi na tano na zaidi, nayo lazima iinuke na uzito wote huo. Hewa ya usiku ni baridi na nzito kidogo, ndiyo maana kuondoka usiku kunaifaa safari ya namna hii. Anayekwenda Ulaya au Ghuba anainuka na mafuta machache zaidi, na mzigo huo wa mwinuko haumgusi sana.

Safari hii ya moja kwa moja ilianza tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo Kenya ilihitaji kwanza kutambuliwa na mamlaka ya anga ya Marekani kuwa imetimiza viwango vya daraja la kwanza, jambo lililofanyika Februari 2017. Ndege inayotumika ni Boeing 787-8, ile ya Dreamliner, yenye viti 234.

Kutua saa ngapi

Nairobi haibadilishi saa. New York hubadilisha. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, New York iko nyuma yetu kwa saa saba. Miezi iliyobaki iko nyuma kwa saa nane. Ulaya nayo hubadilisha saa zake, ila kwa tarehe tofauti, kwa hiyo mwezi Machi kuna wiki kadhaa ambapo hata ajenti mzoefu hukosea hesabu.

Chukua mfano wa ndege inayoondoka Nairobi saa tano usiku, yaani 23:00 kwenye tiketi. Ikikaa angani saa kumi na tano, kwetu itakuwa saa nane mchana. New York itakuwa saa moja asubuhi wakati wa kiangazi, au saa kumi na mbili asubuhi wakati wa baridi. Umelala, umeamka, na siku nzima iko mbele yako. Kurudi, ukiondoka huko saa sita mchana, utatua Nairobi asubuhi ya siku inayofuata.

Anayepitia Ulaya mara nyingi huondoka Nairobi usiku, anatua huko alfajiri au asubuhi, na kufika New York mchana au jioni ya siku hiyohiyo. Huyu anapata mwanga wa jua wa siku ndefu sana, na akifika analala usiku wa kawaida. Watu wengi huona hii ndiyo inayowasaidia kuzoea saa za huko haraka. Anayepitia Ghuba hutegemea ndege aliyopanda Nairobi. Ya mchana humfikisha Ghuba usiku, ya usiku humfikisha alfajiri, na kutoka pale bado ana takriban saa kumi na nne mbele yake.

Hapa kuna tahadhari ambayo imewaachisha watu ndege. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14 jioni. Mwambie hivyo pia atakayekupeleka, kwa maneno hayohayo, maana yeye akisikia tarehe 15 atajipanga kwa tarehe 15.

Kusubiri

Hapa ndipo safari hizi zinapoachana.

Ya moja kwa moja haina kusubiri katikati. Kusubiri kwake ni kwa Nairobi, ambako ni sawa kwa njia zote tatu: msongamano wa Mombasa Road, ukaguzi wa getini, kisha ukaguzi mwingine ndani. Barabara ya kulipia ya Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, imewaokoa wengi wanaotoka Westlands, lakini panga saa tatu kabla ya ndege kuondoka hata hivyo.

Kupitia Ulaya, kusubiri kunakofaa ni kati ya saa mbili na nne. Chini ya saa mbili unacheza na bahati, hasa ukitua kipindi cha asubuhi ambapo ndege nyingi za Afrika na Asia zinafika kwa pamoja na foleni ya ukaguzi inakuwa ndefu. Usiikubali tiketi ya dakika sabini kwa sababu tu mtambo wa kuuza umeiruhusu. Mtambo haukimbii.

Kupitia Ghuba, viwanja vyenyewe vimejengwa kwa ajili ya watu wa kupita. Maduka hayafungwi usiku, sehemu za kuswali zipo, chakula halali hakihitaji kuulizwa, na kuna mabenchi ya kulalia. Ndege ni nyingi, kwa hiyo unaweza kupata ya kuunganisha kwa saa mbili au tatu. Lakini tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi ndizo zenye kusubiri kwa saa tisa, kumi, hata kumi na nane. Baadhi ya kampuni hutoa hoteli endapo kusubiri ni kurefu na hawakuwa na ndege ya karibu zaidi, ila ni lazima uombe mapema, na masharti hutegemea aina ya tiketi. Uliza kabla ya kulipa.

Jirani yetu mmoja wa Buruburu alikwenda kumwona mjukuu wake kwa njia ya kubadilisha ndege. Binti yake alimwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, namba ya mlango wa kupandia ndege ya pili. Mama yule alikaa mbele ya mlango huo, leso mabegani, karatasi mkononi, akingoja. Kumbe mlango ulibadilishwa, tangazo likatolewa kwa Kiingereza cha haraka na lugha nyingine mbili, naye hakujua kwamba jina analolisikia likitamkwa ovyo ni lake. Kijana wa Kikenya aliyekuwa akipita ndiye aliyesoma karatasi ile na kumkimbiza. Alifika. Lakini tangu nisikie kisa hicho siwezi kumwambia mtu ampeleke mama yake mahali pa kubadilisha ndege bila kumwombea msaada rasmi.

Hati na viza

Kwa njia zote tatu unahitaji viza halali ya Marekani au hati ya ukaazi. Tofauti iko katikati ya safari.

Moja kwa moja hakuna nchi nyingine inayokuhusu. Hilo peke yake ni nafuu kubwa.

Ulaya inataka umakini. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zina orodha ya pamoja ya mataifa ambayo raia wake wanahitaji viza hata kama hawatoki nje ya uwanja. Kenya haimo katika orodha hiyo, lakini Somalia, Ethiopia, Eritrea na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo, na Nairobi ina wakazi wengi wenye pasipoti hizo. Mwenye viza halali ya Marekani kwa kawaida husamehewa. Pia kila nchi inaweza kuongeza mataifa yake kwenye orodha, kwa hiyo angalia nchi unayopitia, usiangalie Ulaya kwa jumla. Uingereza ina sheria zake. Mwenye pasipoti ya Kenya anatakiwa viza ya kupitia uwanjani, isipokuwa ana msamaha, na viza halali ya Marekani ni mojawapo ya misamaha.

Wanaonaswa hapa ni wanafunzi wanaporudi nyumbani. Unaweza kuwa Marekani kihalali kabisa huku viza iliyogongwa kwenye pasipoti yako imeisha muda, maana viza ni ya kuingilia na kukaa kwako kunaongozwa na hati nyingine. Ukifika kaunta ya JFK na tiketi ya kupitia London, ule msamaha uliokusaidia wakati wa kwenda huenda haupo tena. Thibitisha njia ya kurudi kando na njia ya kwenda.

Ghuba ni nyepesi. Ukibaki ndani ya eneo la wasafiri Dubai, Doha au Abu Dhabi na una tiketi ya kuendelea, mwenye pasipoti ya Kenya hahitaji viza ya kupitia. Abu Dhabi ina jambo la pekee. Tangu Januari 2014 maafisa wa uhamiaji na forodha wa Marekani wamekuwa wakifanya kazi palepale uwanjani. Unahojiwa na kugongewa muhuri Abu Dhabi, na ukitua New York unatoka kama mtu aliyetoka Chicago. Kwa anayeogopa foleni ya JFK hilo ni jambo la kufikiria. Lina upande wake pia: ikitokea swali kuhusu viza yako, utalijibu ukiwa Abu Dhabi, mbali na ndugu zako wa pande zote mbili.

Mizigo

Tiketi nyingi za kwenda Marekani huruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, lakini zile za bei ya chini kupitia Ulaya zimeanza kuuzwa na begi moja au bila begi kabisa. Usilinganishe bei kabla ya kulinganisha mabegi. Anayekwenda na majani ya chai ya Kericho, vikoi, na mahitaji ya harusi ya huko, begi la pili likilipiwa kando linaweza kumeza nafuu yote aliyodhani ameipata.

Begi la ndege ya moja kwa moja linapakiwa mara moja na kushushwa mara moja. Kila mahali pa kubadilisha ndege ni nafasi nyingine ya begi kubaki, hasa muda wa kuunganisha ukiwa mfupi. Kama begi litachelewa au kupotea, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Marekani zote zimeuridhia, unaiwajibisha kampuni ya ndege bila kujali umepita wapi. Lakini lazima ulalamike kwa maandishi: ndani ya siku 7 tangu kulipokea begi lililoharibika, na ndani ya siku 21 kwa begi lililochelewa kukufikia. Usiondoke uwanjani kabla ya kujaza fomu.

Kama safari yako haiishii New York, jua kwamba mahali pa kwanza unapoingia Marekani ndipo kwa kawaida unapochukua mabegi yako, unayapitisha forodha, kisha unayakabidhi tena. Mji wa New York unahudumiwa na viwanja vitatu vikubwa: JFK, LaGuardia, na Newark ambao uko jimbo la New Jersey. Tiketi inayokushusha JFK na kukutaka uondokee LaGuardia ina maana ya kuburuta mabegi hayo kwenye teksi katikati ya msongamano wa Queens. Isome vizuri.

Bei, na safari ikiharibika

Sitaweka bei hapa kwa sababu zinabadilika kila siku. Mwelekeo ni huu: ya moja kwa moja mara nyingi ni ghali zaidi, ingawa nje ya misimu ya Desemba na Julai hadi Agosti hushuka hadi kukaribiana na nyingine. Za Ghuba na Ulaya zinashindana vikali, na mara nyingi ndizo zenye ofa. Hesabu pia vitu vidogo vya njiani: chakula cha uwanja wa Ulaya kwa familia ya watu wanne ni pesa za kuhisiwa.

Jambo moja nalisisitiza kuliko bei. Nunua safari yote kwa tiketi moja. Ukinunua Nairobi hadi Dubai peke yake, kisha Dubai hadi New York peke yake kwa sababu uliona nafuu, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haina wajibu wowote kwako. Kwa tiketi moja, kampuni inalazimika kukutafutia njia nyingine ya kukufikisha.

Kuhusu mikasa, hakuna njia iliyo salama kuliko nyingine kwa kila hali. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa. Aprili 2024 mvua kubwa iliuvuruga uwanja wa Dubai, na Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa kutokana na mashambulizi ya Iran. Na Septemba 2024 mgomo wa wafanyakazi ulisimamisha shughuli pale Jomo Kenyatta, ukawagusa abiria wa njia zote. Tofauti iliyopo ni ya namna ya kunasuka. Njia za Ulaya na Ghuba zina ndege nyingi kwa siku, kwa hiyo ukikosa moja kuna nyingine. Ya moja kwa moja haina wingi huo, na ikiahirishwa unaweza kuwekwa kwenye njia ya kuzunguka ambayo hukuitaka.

Mwili

Saa kumi na tano kwenye kiti kimoja si mchezo. Miguu huvimba, na mtu mwenye historia ya damu kuganda, mjamzito au aliyefanyiwa upasuaji karibuni anapaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kukata tiketi ya aina yoyote. Kwa baadhi ya watu, kusimama katikati, kutembea, kunawa uso na kunywa chai ni dawa. Hao Ulaya inawafaa, maana safari imegawanyika karibu nusu kwa nusu. Ghuba haigawanyi hivyo: unapata saa tano, kisha saa kumi na nne, kwa hiyo ule mkao mrefu bado uko palepale.

Mzee asiyeweza kutembea umbali mrefu aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Huduma hiyo haina malipo. Mhudumu humpokea mlangoni, humpitisha kwenye ukaguzi na kumkabidhi ndege ya pili. Kuomba siku ya safari kunawezekana, lakini utamkuta mhudumu mmoja na wazee sita.

Addis Ababa na Istanbul

Addis ni karibu mno, kilomita kama 1,160 kutoka Nairobi, na bei zake huvutia. Ila uwanja wa Bole uko juu kuliko wetu, zaidi ya mita 2,300, na safari nyingi zake za kwenda Marekani hutua mahali njiani kuongeza mafuta. Kwa hiyo uliza jumla ya saa. Istanbul iko kati ya Ulaya na Ghuba kwa kila kipimo, na haihitaji viza ukibaki ndani ya uwanja. Ikiwa bei yake ni nzuri na kusubiri ni kwa saa tatu, ichukue bila wasiwasi.

Kulingana na hali yako

Unampeleka mama au baba asiyezoea Kiingereza, au anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza: lipa ile ya moja kwa moja kama mnaweza kuchanga. Kama haiwezekani, chagua njia yenye kubadilisha mara moja tu, kusubiri kwa saa tatu au nne, na kiti cha magurudumu kilichothibitishwa, hata kama anatembea vizuri. Kiti hicho ndicho kitakachompa mtu wa kumwongoza.

Una watoto wadogo: wengine huona heri kumaliza mara moja usiku kucha, na kwa mtoto anayelala vizuri hilo ni kweli. Kwa mtoto wa miaka miwili mitatu asiyetulia, kusimama Amsterdam au Paris akakimbia kidogo kunaweza kuwaokoa wote, na majirani wa viti pia.

Mwisho wa safari yako si New York: hapa ya moja kwa moja inapoteza nguvu zake. Anayekwenda Minnesota, ambako Wakenya ni wengi, anaweza kubadilisha Amsterdam na kutua Minneapolis kwa ndege ya pili. Anayekwenda Dallas anaweza kutoka Dubai au Doha hadi Dallas bila kuigusa New York. Tafuta ndege mbili zinazokufikisha mlangoni kabla ya kukubali tatu.

Unakwenda kikazi, una mkutano asubuhi hiyohiyo: moja kwa moja, ufike na mapambazuko. Lakini kama mkutano ni kesho yake, kupitia Ulaya kutakufikisha mchana na kukupa usiku mzima wa kulala.

Mwanafunzi mwenye mabegi makubwa na pesa kidogo: angalia Ghuba na Istanbul kwanza, kwa mabegi na bei. Wakati wa kurudi, kabla ya kukubali njia yoyote inayopita London, fungua pasipoti uone tarehe ya viza yako.

Umepigiwa simu ya msiba na unatakiwa uondoke leo: usitafute njia bora. Mwambie ajenti akupe inayofika mapema zaidi kwa tiketi moja, muulize saa ya kutua kwa saa za huko, na umtumie saa hiyo atakayekupokea kabla hujaingia kwenye gari la kwenda uwanjani.